Heshima ya kuazima: gome la houpo na soko la usingizi

Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa 78 wa Afya Duniani, uliofanyika Geneva, uliidhinisha mkakati wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tiba za asili kwa miaka ya 2025 hadi 2034. Haikuchukua muda, habari hiyo ikageuzwa kuwa tangazo la biashara. Katika makundi ya simu na katika kurasa za wauzaji wa tiba lishe nimeona chupa za vidonge vya mitishamba ya Kichina zikipambwa kwa maneno kwamba dunia sasa imeikubali tiba ya asili, na kwamba anayesumbuliwa na msongo wa mawazo au anayekesha bila usingizi hana tena sababu ya kusitasita. Miongoni mwa bidhaa hizo imo moja ambayo jina lake linazidi kusikika: dondoo la gome la mti wa magnolia, gome ambalo Wachina huliita houpo. Husifiwa kwamba kwa miaka elfu mbili limekuwa likituliza akili na kuleta usingizi.

Tangazo hilo limekosea mara mbili. Kwanza, limeusoma mkakati kinyume na ulivyoandikwa, kwa maana waraka huo unazitaka nchi zitafute ushahidi wa tiba hizi, zizidhibiti, kisha ndipo zile zilizothibitika ziingizwe katika huduma za afya. Haukutoa hati ya ubora kwa gome lolote. Pili, limeipotosha historia ya gome lenyewe. Hoja yangu ni kwamba kidonge cha houpo kinachouzwa leo kwa ajili ya usingizi ni bidhaa mpya ya maabara iliyovishwa joho la ukale, na kwa hiyo hatuna budi kukipima kama tunavyopima dawa yoyote mpya: kina nini ndani, kwa kiasi gani, kilijaribiwa kwa watu gani, na anayekimeza anatumia dawa gani nyingine. Sisemi hivi kwa kuidharau tiba ya Kichina. Anayeidharau ni yule anayechukua jina lake na kuacha maarifa yake.

Tuanze na mti. Magnolia officinalis huota katika milima ya China ya kati na ya kusini-magharibi, na gome linalosifika zaidi hutoka Sichuan na Hubei. Mti hungojwa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuvuliwa gome lake. Gome la shina halikaushwi tu na kupelekwa sokoni. Huchemshwa kidogo, hulundikwa mahali penye unyevu ili "litoke jasho", kama wasemavyo wenyewe, mpaka upande wake wa ndani uwe wa rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, kisha hupashwa kwa mvuke, hukunjwa mithili ya mdalasini na kukaushwa. Lile la kutumiwa jikoni kwa mganga mara nyingi hukatwa vipande na kupikwa na maji ya tangawizi, kwa sababu gome bichi linawasha koo. Kazi yote hiyo ni sehemu ya dawa. Anayesema gome hili ni "asili tupu" amesahau kwamba hata hao wa kale hawakulitumia jinsi lilivyotoka mtini.

Walilitumia kwa nini basi? Zaidi ya yote, kwa tumbo. Katika vitabu vya dawa vya China, houpo ni gome chungu, lenye ukali na joto, ambalo kazi yake ni kukausha unyevu uliozidi, kushusha kilichopanda na kusogeza kilichokwama. Mganga alilitoa kwa mtu aliyevimbiwa, aliyejaa gesi, aliyekula chakula kikamgandia, au aliyebanwa kifua kwa kohozi na kuhema kwa shida. Usingizi haumo katika orodha ya kazi zake kuu. Ukitaka kuukaribia moyo kwa njia ya gome hili, mlango wa kale ni mmoja unaojulikana sana: mchuzi wa banxia (kiazi cha mmea wa Pinellia) na houpo, ambao tabibu Zhang Zhongjing aliuandika karibu mwanzo wa karne ya 3. Aliuelekeza kwa mwanamke anayehisi kana kwamba kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni, hakimezeki wala hakitemeki. Baadaye hali hiyo ikaitwa "pumzi ya kokwa ya plamu", na waganga waliihusisha na huzuni na mambo yaliyomezwa bila kusemwa. Wengi wetu tunaijua hali ya donge kooni kwa mtu mwenye majonzi, kwa hiyo hatuhitaji mkalimani.

Lakini tazama mchuzi wenyewe. Una vitu vitano: banxia, houpo, kuvu aitwaye fuling, tangawizi mbichi na majani ya perilla. Tangawizi ni vipimo vitano vya uzani vya wakati huo, houpo ni vipimo vitatu. Mgonjwa aliunywa ukiwa na uvuguvugu mara nne, mara tatu mchana na mara moja usiku. Hakuna mahali ambapo houpo limesimama peke yake, hakuna mahali ambapo linamezwa wakati wa kulala tu, na hakuna mahali ambapo linatolewa kwa kila mtu aliyechoka na maisha. Lilitolewa kwa dalili fulani, na mtu aliyekuwa ameketi mbele ya mgonjwa, akamshika mkono, akatazama ulimi wake, akauliza choo na hamu ya chakula. Hayo ndiyo mapokeo ya miaka elfu mbili. Kidonge cha "usingizi mzuri" hakimo humo.

Safari ya kutoka tumboni hadi kitandani ilianzia Japani. Tabibu wa Kijapani walikuwa wameurithi mchuzi wa Zhang Zhongjing na wakawa wanautumia pamoja na ndugu yake, saiboku-to, mchanganyiko wa mimea kumi waliowapa wagonjwa wa pumu wenye wasiwasi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa huko walitaka kujua ni kitu gani ndani ya mchanganyiko huo kinachopunguza wasiwasi. Waliwaweka panya katika ujia wenye umbo la msalaba ulioinuliwa juu, wenye pande mbili zenye kuta na mbili zilizo wazi, kwa sababu panya mwenye hofu hujificha kwenye kuta na aliyetulia huthubutu kutoka. Uchunguzi ukawafikisha kwenye honokioli, moja ya viini viwili vikuu vya gome la magnolia. Cha pili huitwa magnololi. Baadaye, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba viini hivi huongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kupunguza kasi ya seli zake, na kwamba honokioli huwaongezea panya usingizi mzito. Panya hao walipopewa flumazenili, dawa inayofunga mlango ambao diazepamu, dawa ya hospitali ya kutuliza na kuleta usingizi, hupitia, athari hiyo ya honokioli ilizuiwa.

Naomba msomaji aikumbuke habari ya mlango huo, kwa sababu nitarudi kwake.

Upande wa pili wa bahari, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya mwaka 1994 inayoruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitishwa kwanza na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Muuzaji haruhusiwi kusema bidhaa inatibu ugonjwa, ila anaruhusiwa kusema "inasaidia utulivu" au "inaunga mkono usingizi wenye afya". Katika soko hilo houpo lilikutana na neno jipya lenye mvuto, kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo. Dondoo la magnolia likatiwa katika bidhaa zilizoahidi kushusha kotisoli na, pamoja nayo, kitambi. Iliyovuma zaidi, CortiSlim, ilikuwa na gome hili miongoni mwa viungo vyake, na mwaka 2004 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliwafikisha wauzaji wake mahakamani kwa madai yasiyo na ushahidi. Kwa maneno mengine, hiki kinachotufikia leo Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kama hekima ya Mashariki kimepitia kwanza mikononi mwa watangazaji wa dawa za kupunguza unene za Marekani.

Tofauti kati ya mchuzi na kidonge haiishii katika historia. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataka gome lililokaushwa liwe na angalau asilimia 2 ya magnololi na honokioli kwa pamoja, na kinaweka dozi ya gramu 3 hadi 10 za gome kwa siku. Gramu 10 za gome la kiwango hicho cha chini zina miligramu 200 za viini hivyo, na kwa kuwa viini hivi havipendi maji, sehemu kubwa hubaki katika makapi baada ya kuchemsha. Dondoo la kisasa hukamuliwa kwa pombe au kwa hewa ya kaboni iliyoshinikizwa, na lipo sokoni hadi la asilimia 90. Kidonge kimoja chenye miligramu 200 za dondoo la namna hiyo kina miligramu 180 za viini, karibu sawa na vyote vilivyomo katika gramu 9 za gome, bila tangawizi, bila fuling na bila mganga. Pengine ni salama, pengine ni bora kuliko mchuzi. Lakini ni kitu kingine, na umri wa mchuzi haukidhamini.

Je, wapo watu waliokijaribu kwa utaratibu wa kisayansi? Wapo, ila ni wachache kuliko matangazo yanavyodokeza. Majaribio mawili yanayonukuliwa sana hayakutumia houpo peke yake bali mchanganyiko wa kibiashara wa houpo na gome la mti mwingine, Phellodendron amurense. La mwaka 2008 liliwapa wanawake wenye afya na uzito uliozidi miligramu 250 mara tatu kwa siku kwa wiki sita, wengine wakipewa vidonge vitupu. Wasiwasi wa muda mfupi ulipungua. Wasiwasi uliozoeleka na huzuni havikupungua, na kotisoli haikutofautiana na ile ya waliopewa vidonge vitupu. La mwaka 2013 lilikuwa la watu wazima 56 wenye msongo wa wastani kwa wiki nne, na humo kotisoli katika mate ilikuwa chini kwa asilimia 18 ikilinganishwa na kundi la vidonge vitupu. Bidhaa ile ile, matokeo mawili yanayopingana juu ya homoni ile ile inayotangazwa kwenye chupa. Wala hakuna kati ya majaribio hayo lililowachagua watu kwa sababu wana ugonjwa wa kukosa usingizi. Nikiyasoma kwa moyo mweupe, naweza kusema kwamba mchanganyiko huo huenda humpunguzia mtu mwenye afya wasiwasi wa siku. Zaidi ya hapo ni matumaini.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na nisingependa kuzipita kwa haraka. Iliyo kubwa kuliko zote ni dawa mseto. Tanzania ilipoacha SP na kuanza kutumia ALu, yaani dawa mseto, kutibu malaria mwaka 2006, ilikuwa inatumia tunda la tiba ya Kichina: artemisinini ilitoka katika mmea wa qinghao, na mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliupata mwongozo wa kuukamua bila moto katika maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4. Kama kitabu cha kale kilituokoa na malaria, wanauliza watetezi, kwa nini kisituokoe na kukesha? Nalikubali swali hilo kwa heshima, na jibu lake nadhani limo katika kisa chenyewe. Maandishi ya Ge Hong yalikuwa mwanzo wa kazi. Yalifuatwa na miaka ya kukamua, kujaribu, kushindwa, kutenga kiini, kupima dozi na kutibu wagonjwa waliohesabiwa, na leo Shirika la Afya Duniani lililoipokea artemisinini ndilo hilo hilo linalopinga kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea ule. Houpo limefika pale Tu Youyou alipokuwa katika miaka ya mwanzo: kuna maandishi, kuna panya, kuna dalili njema. Wauzaji wanatutaka tulipe kana kwamba limefika mwisho.

Hoja ya pili ni ya huruma, nayo inanigusa. Si jambo geni kwetu mtu kununua diazepamu dirishani bila cheti cha daktari, akaizoea, na baada ya miezi asiweze kulala bila hiyo. Anayesema ni heri gome kuliko mazoea hayo anasema jambo la busara, kama angekuwa na hakika kwamba gome halimpeleki mtu njia ile ile. Ndipo ninaporudi kwenye ule mlango wa panya. Kama honokioli inafanya kazi kwa binadamu kama ifanyavyo kwa panya, basi inagusa mashine ile ile inayoguswa na diazepamu, pombe na baadhi ya dawa za kifafa. Hatuwezi kusifu kidonge kwamba kina nguvu ya kutuliza ubongo, kisha tuseme hakiwezi kumlaza mtu usukani. Nguvu na tahadhari hutoka katika chungu kimoja.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba kitu cha asili hakina madhara. Houpo lenyewe limo katika kisa kinachopaswa kuizika hoja hiyo. Tangu mwaka 1990, kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels iliwapa wateja wake vidonge vilivyoongezwa mitishamba miwili ya Kichina: magome ya magnolia na mizizi iitwayo fangji. Kufikia mwaka 1992 madaktari wa figo walianza kupokea wanawake, wengine vijana, ambao figo zao zilikuwa zikikauka kwa kasi wasiyoielewa. Taarifa ilichapishwa mwaka 1993. Zaidi ya wanawake 100 walidhurika, na wengi waliishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo. Mwaka 2000 madaktari walieleza habari za wagonjwa 39 walioondolewa figo zilizokufa. 18 kati yao walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Mwanzoni houpo nalo lilitiliwa shaka. Baadaye ikajulikana kwamba mzizi uliopaswa kuwa wa Stephania tetrandra ulikuwa umebadilishwa na guangfangji, mmea wa jamii ya Aristolochia, kwa sababu majina yanafanana, na mmea huo una asidi ya sumu. Houpo likaachwa huru. Lakini wanawake wale hawakumeza "houpo" wala "asili". Walimeza kilichokuwamo ndani ya kidonge, na hakuna aliyekikagua kabla yao.

Upo pia upande wa wapuuzaji, nao nauona unatupotosha kwa namna yake. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua ugomvi huu tangu foleni za kikombe cha dawa huko Samunge, Loliondo, mwaka 2011, ambapo wengine walikwenda kwa imani isiyouliza na wengine walicheka bila kutazama. Kusema kwamba gome la magnolia ni unga wa miti usiofanya lolote ni kukana kazi ya maabara ya miaka thelathini. Ni hatari pia kwa afya, kwa sababu daktari anayeamini kwamba mitishamba ni maji tu hamuulizi mgonjwa wake anatumia mitishamba gani. Magnololi na honokioli zimeonekana maabara zikipunguza kushikamana kwa chembe za damu zinazosaidia kuganda kwake, jambo ambalo daktari wa upasuaji na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wanahitaji kulijua mapema. Mama mjamzito naye hana sababu ya kulijaribu gome ambalo hata waganga wa Kichina humwonya alitumie kwa uangalifu.

Jambo hili nililielewa vizuri nyumbani, kwa mama yangu mdogo, ambaye ana kisukari na ambaye alikuwa ameuziwa chupa ya "magnolia ya usingizi". Nilipoigeuza chupa nikakuta kwa herufi ndogo kwamba nusu ya dondoo ilikuwa ya Phellodendron. Gome hilo la pili lina baberini, ambayo hushusha sukari ya damu na inaweza kubadilisha jinsi ini linavyochakata baadhi ya dawa. Alikuwa akimeza vidonge vyake vya sukari kila siku, na aliyemuuzia hakumuuliza. Alipoulizwa na mhudumu wa kliniki yake kwa nini halali, jibu lilikuwa jepesi: alikuwa akiamka mara nne kwenda haja ndogo, kwa sababu sukari ilikuwa juu. Kidonge cha kumlaza kingemnyamazisha mjumbe aliyekuwa akileta habari.

Hapa ndipo naona athari kubwa zaidi ya kuuza usingizi kwenye chupa. Kukesha mara nyingi ni dalili ya kitu kingine: sonona, maumivu, tezi, kukatika kwa pumzi kwa mtu anayekoroma, zamu za usiku, deni, kilio kilichochelewa. Kwa ule ukeshaji unaobaki baada ya hayo kuchunguzwa, chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza iwe ya kubadili fikra na mazoea ya kulala, kabla ya vidonge vya aina yoyote. Mtu hufundishwa kuamka saa ile ile kila siku hata kama alilala vibaya, kutokaa kitandani macho makavu, kupunguza muda wa kukaa kitandani hadi ulingane na usingizi anaoupata kweli, na kushughulikia ile hofu ya "leo tena sitalala" inayoharibu usiku mzima. Wataalamu wa tiba hiyo ni wachache katika nchi zetu, nakiri, na wengi wanaoishi chumba kimoja na watoto watano hawawezi kutii kila kanuni ya kitanda. Upungufu huo ni sababu ya kuwafundisha wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii mbinu hizo. Hauwi sababu ya kujaza pengo kwa chupa ambayo bei yake kwa mwezi ingelipa nauli za kliniki kadhaa.

Kuhusu udhibiti, vyombo tunavyo. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, na ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu inayosajili dawa za mitishamba. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni kulazimisha lebo iseme mambo manne kwa Kiswahili kinachosomeka: jina kamili la mmea na sehemu yake, kiasi cha magnololi na honokioli kwa kidonge, viungo vingine vyote na vipimo vyake, na onyo kwa anayetumia dawa za usingizi, za sukari, za kuzuia damu kuganda au pombe. Maneno "miaka elfu mbili" yaondolewe mpaka muuzaji aonyeshe ni katika kitabu kipi cha miaka hiyo dondoo la asilimia 90 lilitolewa kwa ajili ya usingizi. Umoja wa Ulaya umetoa kielelezo kizuri cha ukali wa namna hiyo: umelikubali dondoo la gome la magnolia kama chakula kipya katika peremende na chingamu, lisizidi asilimia 0.2, kwa lengo la kuburudisha pumzi kinywani. Kwa hilo lilikuwa na ushahidi wa usalama uliotosha, na kwa hilo likaruhusiwa.

Mkakati wa Geneva wenyewe unaweza kutusaidia tukiusoma bila miwani ya muuzaji. Yaliwahi kutokea makosa ya namna hii mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipoingiza sura ya tiba za jadi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11. Wengi walisema tiba zimeidhinishwa, ilhali sura ile ilikuwa ya kuhesabu waganga wameona nini kwa wagonjwa wao, na haikupendekeza tiba yoyote. Kuhesabu huko ndiko tunakohitaji sasa. Hospitali zikianza kuandika katika faili la mgonjwa mitishamba anayotumia, kwa jina na dozi, na madhara yakaripotiwa kama yanavyoripotiwa ya dawa nyingine, baada ya miaka michache tutakuwa na habari zetu wenyewe kuhusu houpo kwa mtu mwenye kisukari wa Tanga au mwenye shinikizo la damu wa Kisumu.

Na upo mti. Houpo la porini limo katika orodha ya China ya mimea inayolindwa, daraja la pili, kwa sababu mti uliozungushiwa kisu na kuvuliwa gome lote hufa, na watu waliuvua kwa pupa. Linalouzwa sasa kwa sehemu kubwa hutoka katika mashamba. Sisi tumeliona hilo kwa muiri wetu, Prunus africana wa Mlima Kenya na Kilimanjaro, ambao gome lake husafirishwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume na ambao tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mti wa houpo uliopandwa mwaka huu hautakuwa tayari kuvuliwa gome kabla ya miaka 15 kupita, na kila chupa inayonunuliwa na mtu ambaye hakuihitaji huchukua sehemu ya gome ambalo mganga wa Sichuan angemchemshia mgonjwa wake wa tumbo.